Wastani

Neno "wastani" limeshushwa hadhi. Mwalimu akiliandika kwenye ripoti ya mwanafunzi, mzazi hukunja uso. Wajuzi wa besiboli hawalisomi hivyo.

Nchini Marekani, wasaka vipaji humpima mchezaji kwa kipimo cha 20 hadi 80. Hamsini ndiyo wastani, lakini ni wastani wa ligi kuu, si wa mtaani. Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu uliotoka mara ya kwanza mwaka 1999, una kipimo hicho pia. Mpigaji hupewa alama za kuupata mpira, nguvu na jicho la kuchagua mipira; mrushaji hupewa za ukali wa mipira yake na udhibiti.

Meneja mgeni akiona 50 humwacha mchezaji, akimtafuta wa 80. Anakosea. Aliyefika 50 amewapita wengi walioishia ligi za chini, na kumweka mahali palipokuwa na mtu wa 35 huimarisha timu. Alama zenyewe hutegemea jicho la msaka vipaji, nalo huweza kupotoka, hivyo zilinganishe na takwimu za misimu kadhaa. Wala usichanganye alama ya leo na ya kesho: kijana wa 30 anayetabiriwa 60, leo bado ni wa 30.

Tulirudishie neno hili heshima yake. Kabla ya kudharau wastani, tuulize kwanza: wastani wa akina nani?