Kamina: masafa yaliyopimwa kwa mahitaji ya vita

Kutoka uwanja wa ndege wa kambi ya kijeshi ya Kamina, kusini mwa Kongo, hadi Lubumbashi ni kilomita 410 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya pangaboi huyamaliza masafa hayo kwa saa moja na ushee. Treni haina njia ya mkato: hupita Bukama, Luena, Tenke na Likasi, na injini ikigoma au reli ikiharibika, abiria hulala njiani.

Reli ndiyo iliyotangulia. Kampuni ya reli ya BCK iliifikisha Bukama mwaka 1918, ikaisogeza hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, na mwaka 1928 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akaja kuizindua. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya Kabalo, na Kamina ikawa makutano makubwa ya reli.

Uwanja wa kambi una asili nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walitaka kituo cha kijeshi mbali na Ulaya, wakakijenga kiasi cha kilomita 30 mashariki mwa mji na kufundishia humo marubani wao. Mfanyabiashara wa samaki au mgonjwa wa rufaa hakuwamo katika hesabu hiyo.

Jimbo la Katanga, ambamo Kamina ilikuwamo, lilipojitenga na Kongo Julai 1960, umbali ukawa suala la kufa na kupona. Kutoka Kolwezi hadi kambini ni kilomita 240 hivi, na Septemba 1961 ndege moja tu ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, ikiruka kutoka Kolwezi, iliwahangaisha wanajeshi wa Umoja wa Mataifa ambao hawakuwa na ndege za kivita. Zikaletwa za Sweden, Ethiopia na India. Mwishoni mwa Desemba 1962, ndege za Sweden ziliruka kutoka Kamina zikaushambulia uwanja wa Kolwezi.

Lakini hakuna mwaka ulioonyesha tofauti ya anga na ardhi kama 1964. Waasi wa Simba walikuwa wameshikilia mateka mjini Stanleyville, Kisangani ya sasa. Tarehe 1 Novemba, msafara wa magari wa Kanali Frédéric Vandewalle, Mbelgiji, uliondoka Kongolo kwenda kuukomboa mji huo, ukapitia Kindu, ukipambana na matope, vivuko na mashambulizi ya kuvizia. Usiku wa kuamkia tarehe 24, ndege za Marekani aina ya C-130 ziliruka kutoka Kamina zikiwa na askari wa miavuli wa Ubelgiji. Zilikuwa na kilomita zaidi ya 1,000 mbele yao, na saa 12 asubuhi askari walikuwa wanashuka juu ya uwanja wa Stanleyville. Msafara wa Vandewalle uliingia mjini siku hiyohiyo, saa kadhaa baadaye, baada ya zaidi ya wiki tatu za safari.

Hiyo ndiyo hesabu inayonikera. Fedha, mafuta na marubani vilipatikana kila mara vita vilipohitaji Kamina iwe karibu na mahali fulani. Tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mji una uwanja wake mdogo, tofauti na ule wa kambi, na ndiko ambako ndege za raia zinapaswa kutua kwa ratiba inayotegemeka na kwa nauli ambayo mwalimu au muuguzi anaimudu. Kwa sasa wengi wao wanaingoja treni.