Datsuryoku: Ulegezaji katika Karate

Katika karate, datsuryoku ni kuondoa nguvu mwilini kwa makusudi. Neno hili la Kijapani limeundwa na datsu, kuvua au kuondoa, na ryoku, nguvu. Mwenzake ni kime: kukaza mwili wote kwa mpigo mmoja, ngumi inapofika shabaha. Mtindo wa Shotokan, uliotokana na mafunzo ya Gichin Funakoshi (1868–1957), hudai kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, ichezwe kwa kupandisha na kushusha nguvu, si kwa kujikaza mwanzo hadi mwisho.

Sababu imo mkononi. Ngumi inaponyooka, msuli wa nyuma ya mkono wa juu ndio unaofungua kiwiko. Ule wa mbele, unaokikunja, sharti uachie. Aliyejikaza mapema anasukuma na kuvuta kwa wakati mmoja. Ngumi inachelewa, mabega yanapanda hadi masikioni, pumzi inakatika. Mtazame mzoefu wa fyekeo kandokando ya barabara ya Embu–Meru: huliacha liende kwa uzito wake, akakaza mkono pale tu linapokutana na nyasi.

Kwa Kiswahili, ni rahisi kuiita datsuryoku utulivu. Hilo ni neno la moyo, nalo linafaa zaidi kwa heijoshin, yaani nafsi isiyoyumba mpinzani anapokuja kwa kasi. Ulegevu nao ni wa mwili, ila umebeba lawama: mlegevu ni mzembe, na mkono uliolegea unapogonga shabaha huweza kuteguka kifundo. Kulegea humpata mtu. Kulegeza hufanywa na mtu. Ndiyo maana napendekeza ulegezaji.

Mwalimu wa watoto Meru au Embu atauona uzito wa tofauti hii mazoezini. Mtoto aliyeingiwa na hofu akiambiwa “Tulia!”, hajui aanzie wapi. Akiambiwa “Legeza mabega, mwanangu, toa pumzi polepole, sasa piga,” amepewa kazi tatu anazoziweza. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na utulivu hufuata.

Basi tuseme: datsuryoku ni ulegezaji, kime ni mkazo, heijoshin ni utulivu. Na tuyafundishe mambo haya matatu kwa mpangilio huo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuuamuru moyo wake utulie, lakini kila mtoto anaweza kushusha mabega yake.