Je, kompyuta za gari zahitaji kinga ya umeme unaovuja?

GARI lililoundwa miaka ya karibuni huwa na kompyuta ndogo nyingi: ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya mifuko ya hewa, hata ya vioo vya madirisha. Kila moja hupokea umeme kutoka ncha chanya ya betri kupitia fyuzi, na kuurudisha kwenye ncha hasi kupitia bodi ya gari. Bodi hiyo ndiyo mafundi huiita ethi, ingawa gari limekaa juu ya mipira na umeme wake haugusi ardhi kamwe.

Jina hilo ndilo huzua mkanganyiko. Katika nyumba, ambako umeme wa Kenya ni wa volti 240, kuna kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja kwenda ardhini. Kifaa hicho hulinganisha mkondo unaotoka kwa waya mmoja na ule unaorudi kwa mwingine. Aina iliyozoeleka hukata tofauti inapofikia miliampea 30, kabla ya aliyeshikwa na umeme kuangamia. Kwa kuwa kompyuta za gari ni ghali, wengi huuliza ni kwa nini zisifungiwe kinga kama hiyo.

Kwa gari la kawaida la volti 12 au 24, kifaa hicho hakina kazi. Kwanza, viwango vya kimataifa huhesabu umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 60 kuwa hauhitaji kinga ya kumwepusha mtu na mshtuko. Pili, bodi yenyewe ndiyo njia halali ya kurudisha umeme. Kikifungwa kwenye kompyuta, kitaona tofauti kila wakati, kwa kuwa mkondo unaotumwa kwenye taa au pampu haurudi kwa waya pacha bali kwa bodi. Kikifungwa kwenye betri, hakitaona tofauti yoyote, kwani mkondo wote unaotoka hurudi papo hapo, hata ule uliopita njia mbaya.

Hata hivyo, kusema kwamba kifaa cha nyumbani hakifai si kusema kwamba kompyuta hizo hazihitaji kinga. Hitilafu za ethi katika gari ziko, na ni za aina tofauti.

Mojawapo ni waya uliochubuka na kugusa bodi. Waya wa kupeleka umeme ukichubuka, fyuzi hukatika na mambo huishia hapo. Lakini kompyuta nyingi za injini huwasha vifaa kwa kufunga upande wa ethi. Nozeli ya petroli, kwa mfano, hupata umeme daima gari likiwashwa, na kompyuta huifungua kwa kuiunganisha na bodi kwa muda mfupi sana. Waya huo ukigusa bodi, nozeli hubaki wazi na petroli humwagika ndani ya injini bila kikomo. Fyuzi haitakatika, kwa kuwa mkondo ni ule ule wa kawaida. Ndiyo sababu mfuko wa hewa, ambao ukifyatuka bure waweza kujeruhi, huwekewa swichi pande zote mbili: waya mmoja ukigusa bodi, mfuko haufyatuki.

Aina nyingine, ambayo pengine huwasumbua Wakenya zaidi, ni ethi iliyolegea au kushika kutu. Hapo kompyuta hupoteza kipimo chake cha sufuri. Vihisi vingi hutuma ishara kati ya nusu volti na volti nne na nusu. Ethi ikipanda kwa nusu volti tu, ishara yaweza kupotoka kwa sehemu moja ya kumi ya kipimo kizima cha volti tano. Ethi ikikatika kabisa, mkondo hutafuta njia ya kurudi kupitia nyaya za vihisi au za mawasiliano, ambazo hazikuundwa kubeba mzigo huo, na saketi huungua.

Ni kiasi gani cha kinga basi kiwekwe? Waundaji huongozwa na kiwango cha ISO 26262, kilichotolewa mwaka 2011 na kupitiwa upya 2018. Swali lake ni la busara: kifaa kikishindwa, madhara ni makubwa kiasi gani, hali hiyo yaweza kutokea mara ngapi barabarani, na je, dereva aweza kulidhibiti gari? Kompyuta ya kioo cha dirisha hutosheka na ethi moja. Ile ya breki au usukani huhitaji hadhari kubwa zaidi, kama vile pini kadhaa za ethi na uwezo wa kujizima kwa utaratibu. Kiwango kingine, ISO 16750-2, hutaka nyaya zikatwe na kurudishwa katika majaribio, na ethi isogezwe kwa volti moja, ili ithibitike kwamba kompyuta hustahimili.

Kinga hizo zote hutegemea boliti iliyokazwa vyema. Katika miji ya pwani kama Mombasa, hewa ya chumvi hula viungo hivyo haraka, na si ajabu mwenye gari kuuziwa kompyuta mpya ilhali kilichohitajika ni msasa na spana. Kipimo ni rahisi: injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, mita ya volti huwekwa kati ya ncha hasi ya betri na pini ya ethi ya kompyuta. Ikisoma zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya volti, kiungo kichunguzwe kwanza. Aidha, kabla ya kuchomelea bodi, betri ifunguliwe na kibano cha ethi cha mashine kiwekwe karibu na pale panapochomelewa, la sivyo mkondo huo waweza kupitia kompyuta.

Kwa magari ya umeme, mambo hubadilika. Betri za volti 400 hazirudishi umeme kupitia bodi. Nyaya zote mbili hutengwa nayo. Kanuni nambari 100 ya Umoja wa Mataifa hutaka ukinzani wa angalau omu 100 kwa kila volti kwa umeme wa moja kwa moja, yaani omu 40,000 kwa volti 400. Uvujaji wa kwanza haumdhuru mtu kwa kuwa mzunguko haujakamilika. Wa pili ndio huukamilisha. Kwa hiyo kompyuta ya betri hupima utengano huo na kumwonya dereva mapema, badala ya kukata umeme ghafla basi likiwa katikati ya msongamano.

Gari hilo linapochomekwa kwenye umeme wa nyumbani, bodi yake huunganishwa na ardhi ya kweli. Hapo ndipo kile kifaa cha miliampea 30 huhitajika, pamoja na kinga ya kutambua uvujaji wa umeme wa moja kwa moja unaofikia miliampea sita, ambao aina nyingi za vifaa vya nyumbani haziutambui.