Nauli Katoa Nani?

Nina daftari langu la safari ambalo ukurasa wa kwanza haubebi habari za mji wala za watu. Unabeba hesabu: nauli, malazi, chakula, na jina la aliyetoa fedha. Miaka kumi na mitano naishi kwa kuuza makala za safari moja moja, leo kwa gazeti hili, kesho kwa jarida lile, na ukurasa huo siuruki. Aliyenifunza ni Salim bin Abakari.

Salim alikuwa Mngazija. Mwaka 1896 alikwenda Urusi hadi Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, aliyewahi kuwa afisa chini ya kamanda wa Kijerumani Wissmann huku kwetu. Masimulizi yake yakaingia katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten kikachapwa Göttingen mwaka 1901. Mwaka huohuo likatoka na toleo la Kijerumani. Jina la toleo hilo linanichoma kila nikilisoma: safari zimetajwa kuwa za Wissmann, za Bumiller, za Götzen na wengineo, wenye masimulizi wameitwa Wasuaheli, basi. Mwenye nauli ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye safari.

Lakini macho yalikuwa ya Salim. Baridi ile aliisikia yeye, kwa ngozi ya mtu wa visiwani, na watu wa njiani aliwatazama kama Mwislamu wa Pwani anavyomtazama mgeni: wanakula nini, wanaabudu vipi. Hilo hakuna bwana angeweza kumlipia.

Ndani ya kitabu hicho yumo pia Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara. Yeye si mtumishi, ni mtu wa biashara. Hata hivyo misafara mingi ya zama zile iliondoka Pwani kwa mali ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi, na kila himaya iliyopitiwa ilidai hongo, yaani ushuru wa njia. Pagazi anabeba frasila mbili begani, mwenye msafara anabeba deni kichwani. Sijui mzigo upi ulikuwa mzito zaidi.

Martin Kayamba alikuja baadaye. Mzaliwa wa Mbweni, Unguja, karani wa serikali, mwaka 1931 alipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyojadili kuunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake juu ya aliyoyaona na aliyoyafanya Uingereza. Nauli ilikuwa ya serikali, lakini mwandishi aliyetajwa ni Kayamba mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa, na sipendi inavyosahauliwa.

Mimi nami niliwahi kula nauli ya mtu. Hoteli moja ya ufukweni ilinipa siku tatu bure, chumba kinachotazama bahari, na gari la kunileta. Alfajiri ya siku ya pili nilitembea hadi mwisho wa uzio nikamkuta mzee anarekebisha mshipi wake kwenye mizizi ya mkoko. Akanionyesha kwa kidole: "Mwanangu, pale paliponyooka, ndipo ngalawa zetu zilipokuwa zikipandishwa." Sasa wavuvi wanazungukia mbali, na maji yakikupwa hawafiki. Niliyaandika. Mwenye hoteli akaomba kusoma kabla, akaifuta aya ile, na mimi nikakubali. Makala ikatoka na jina langu juu. Nilipoisoma sikumwona mzee, nikaona bwawa la kuogelea.

Tangu siku hiyo nasafiri mara chache zaidi. Hupita miezi miwili nikisahihisha miswada ya watu ili nipate nauli ya wiki moja, na wenzangu wananiambia najinyima. Labda. Lakini mwezi uliopita nilitoka Tanga na basi la asubuhi hadi Pangani, nikapanga foleni ya kivuko cha kwenda Bweni nyuma ya mama mmoja mwenye ndoo ya samaki iliyofunikwa jani la mgomba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mama akaniuliza naenda kwa nani huko ng'ambo.

"Siendi kwa mtu, mama. Naenda kutazama."

Akacheka, akafunua ndoo, akaanza kunieleza bei ya samaki. Nikafungua daftari, nikapachika tiketi ya kivuko ukurasa wa kwanza, nikaandika pembeni yake jina langu.