Karakana na Gereji: Safari ya Spana Kusini

Msomaji, ukitoka Dar kwa basi la asubuhi kwenda kusini, utafika Nangurukuru ukiwa na njaa. Hapo njia ya Kilwa inakata kushoto kufuata bahari, ya Liwale inaingia kulia kwenda bara, na ya Lindi inanyooka mbele. Watu wanashuka, wanakula, wanapanda, wanapasahau. Mimi siwezi kupasahau, maana nyuma ya vile vibanda mjomba wangu ana gereji. Nikisema gereji usifikirie jengo. Ni mwembe, magogo mawili, injini moja iliyokufa zamani, na mchanga ulionyweshwa oili mpaka ukawa mweusi.

Vijana wenzangu tunaoandika tunapenda sana Kilwa ya masultani: Husuni Kubwa, msikiti mkuu, Ibn Battuta aliyepita mwaka 1331. Sawa, ni yetu, tuna haki ya kuringa. Lakini tangu nikiwa mdogo nikimshikia mjomba tochi chini ya basi, nimekuwa nikijiuliza historia ya spana ataiandika nani.

Tena ufundi wa chombo cha kubeba watu haukuanza na basi. Pwani yetu ilikuwa na mafundi wa majahazi kabla injini haijajulikana. Mtoto alianza kwa kushika keekee na kusokota pamba ya kukalafati, akapaka sifa ubavuni mwa chombo na ile harufu ya mafuta ya papa ikimganda wiki nzima. Miaka ikapita ndipo akaachiwa kugusa mkuku. Cheti hakikuwepo. Chombo kikienda na kurudi salama, basi we ni fundi.

Injini nyingi kwa mpigo zililetwa kusini na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuingia bara. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 wakakubali kwamba wameshindwa, na baadaye hata reli ikafungwa. Hadithi hii huwa tunaicheka, na inachekesha kweli. Ila mitambo ile ilikuwa inaharibika, na kila ilipoharibika kuna mtu alilala chini yake kwenye vumbi. Huyo mtu hatajwi.

Sasa tuje kwenye mabasi. Mwaka 1974 kampuni ya DMT, iliyokuwa imeshachukuliwa na serikali, iligawanywa: UDA ikabeba abiria wa jiji la Dar es Salaam, KAMATA ikabeba wa mikoani. Pia zikawepo kampuni za usafirishaji za mikoa. Hapo ndipo lilipoanza kusikika sana neno karakana. Karakana ina geti, ina stoo ya spea, ina daftari la kila gari. Kijana aliingia kama mwanagenzi akiosha vyuma kwa dizeli, akafanya mtihani wa gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza, na mwenye bahati akawa msimamizi mwenye koti jeupe na kalamu mfukoni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa Mabibo mwaka 1975, kwa hiyo hata juu ya koti jeupe kulikuwa na ngazi nyingine. Kwa mtoto wa mvuvi ilikuwa kazi ya kuolea mke!

Haikudumu. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikamaliza akiba ya nchi, fedha za kigeni zikakosekana. Basi likikosa bushi moja tu linapandishwa juu ya mawe, kesho linatolewa klachi imsaidie mwenzake, keshokutwa limebaki mifupa. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi jijini, daladala zikazaliwa. Miaka ya tisini mashirika ya umma yakaanza kuuzwa na kufungwa.

Mjomba aliingilia katikati ya msiba huo. Alianza kama utingo mwaka 1986, akiwa na miaka 16, halafu akapata karakana ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Aliosha vyuma miaka mitatu. Wiki ambayo alitakiwa kupewa barua ya kwenda kufanya mtihani wa gredi ya tatu, alikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Mshahara wa miezi minne ulibaki ndani, na jina lake kwenye daftari likabaki ndani pia.

Akaenda Ndundu.

Aliyezaliwa juzi hajui Ndundu ilikuwa nini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakikolea kusini kunakuwa kama kisiwa. Magari yalipanga foleni kwa siku kadhaa. Tope lilikula springi, lilikula klachi, lilikula na heshima ya madereva. Basi la kusini halikutembea bila fundi ndani yake, na yule asiyekuwa na basi la kupanda alikaa pale pale kivukoni na mfuko wa spana. Mjomba alikata springi ya lori ikakaa kwenye basi. Aliziba rejeta kwa sabuni na kamba ya katani ili watu wafike Lindi tu, kisha Mungu atajua. Alijifunza kusikiliza. Mpaka leo anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, anakwambia silinda ya ngapi inaumwa. Kwa kweli nimeona watu wakisali kwa utulivu mdogo kuliko ule.

Daraja likaja, zaidi ya mita 900 za zege. Kusini tulishangilia, na tulikuwa na haki. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilometa 60, kikaendelea kututesa miaka mingi, mwishowe nacho kikapigwa lami. Ila lami iliyonifikisha mimi chuoni kwa siku moja ndiyo iliyomwondolea mjomba kazi. Mabasi yaliyopo sasa yametoka China, yana sensa na kompyuta. Yakizima njiani dereva hatafuti mwembe, anapiga simu Dar. Mjomba amebaki na bodaboda, bajaji, na Fuso za ufuta.

Na kuna hili linaloniuma. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu ya Kilwa, inapita kwenye bomba hadi Dar tangu mwaka 2004. Magari ya huko yanatembea kwa gesi yetu, na mafundi wa kuyafunga mitungi wanafundishwa huko. Spanaboi wa Nangurukuru anaisikia gesi hiyo redioni.

Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga. Foleni ya mabasi ikarudi kama zamani. Nilimpigia simu kumpa pole, nikakuta anacheka. Alikuwa huko na mfuko wake, siku ya tatu hajalala. "Mjomba," aliniambia, maana naye huniita hivyo hivyo, "hizi Yutong nazo zikizama zinalia kama Leyland!"

Niliona hapo hapo nisichelewe tena. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Likizo iliyofuata nikampelekea fomu. Aligoma wiki nzima. "Nani atanipima? Mtoto niliyemfundisha kushika jeki?" Nikamwambia inawezekana kabisa akawa huyo huyo. Akaguna. Usiku, shangazi akiwa ameshalala, akaja barazani na koroboi, akakaa chini, akaniambia niandike mimi kwa sababu mikono yake itachafua karatasi.

Jina tukajaza. Mwaka wa kuzaliwa tukabishana kidogo, tukajaza. Nikamsomea sehemu inayofuata: mahali ulipojifunzia kazi. Akanyamaza muda mrefu, anafuta vidole kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko vidole.

"Andika Ndundu," akasema. "Ng'ambo ya kusini."