Asili ya Jina Yasinta

Mabinti waitwao Yasinta si haba vijijini mwetu, na huenda mtu akauliza kama jina hilo lamfaa Mkristo, maana limetoka kwa Wayunani waabuduo miungu.

Hao walisimulia ya kwamba Hyakinthos alikuwa kijana mwanamume wa Amyclae, karibu na Sparta. Alikuwa akishindana na Apollo, mungu wao, kutupa kisahani kizito. Kikampiga kichwani, akafa. Palipomwagika damu yake likaota ua, na katika majani ya ua hilo wakasoma AI AI, yaani kilio cha matanga. Ni hadithi tu. Walakini watu wa Amyclae walimfanyia sikukuu, kwanza maombolezo, kisha furaha. Ua liitwalo hivyo leo, lenye harufu nzuri, halina maandishi hayo. Basi twadhani lile lilikuwa jingine.

Baadaye kito nacho kikaitwa hivyo. Katika Ufunuo 21:20 msingi wa kumi na moja wa Yerusalemu mpya ni hiakintho. Wala Wakristo wa kwanza hawakulikataa jina: Hyacinthus alikuwa shahidi wa Rumi, na kaburi lake lilikutwa mwaka 1845, halijafunguliwa. Wapolandi husema Jacek, Wahispania Jacinto, na kwa mwanamke Jacinta, nasi twatamka Yasinta.

Gugumaji lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Waingereza hulipa jina lilo hilo kwa kufanana maua tu; si jamaa yake, limetoka Amerika ya Kusini. Wavuvi waliozibiwa njia nalo wasingemwita binti yao hivyo, kama wangelijua.