Mwami Akifa, Nani Atakalia Kiti?

Wazee husema: fahali wawili hawakai zizi moja. Katika nyumba za wafalme neno hilo limethibitika mara nyingi, tena kwa damu. Huko Ufaransa mfalme Charles IV alikufa mwaka wa 1328 bila mtoto wa kiume. Wakubwa wa nchi walimpa taji binamu yake, Philippe wa Valois. Baadaye Edward III wa Uingereza, mwana wa dada yake marehemu, akakidai kiti kile. Dai hilo lilikuwa moja katika sababu za vita vilivyoanza mwaka wa 1337, visiishe mpaka 1453.

Wasomaji wapenzi, huko Ufaransa marehemu hakuacha mwana. Lakini sisi wa Masisi tuna jirani aliyeacha wana, akamtaja na mrithi wake mapema, na bado nyumba yake ikateketea.

Huyo ni Kigeli Rwabugiri, mwami wa Rwanda, ambaye majeshi yake yalivuka mara nyingi hata ng'ambo hii ya ziwa Kivu. Mwaka wa 1889 alimweka mwanawe Rutarindwa atawale pamoja naye. Kwa desturi ya Rwanda ya wakati ule mwami hakutawala peke yake, ilikuwa lazima awe na mama wa kiti. Mama mzazi wa Rutarindwa hakuwako tena. Basi Rwabugiri alimchagua mke wake Kanjogera, wa ukoo wa Abega, awe mama wa mrithi. Lakini Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Musinga.

Rwabugiri alikufa mwaka wa 1895, akiwa safarini vitani. Rutarindwa akakalia kiti kwa jina la Mibambwe. Haukupita muda mrefu, Kanjogera na kaka yake Kabare wakamgeuka. Mwisho wa 1896 walipigana huko Rucunshu, si mbali na mahali ilipojengwa baadaye misioni ya Kabgayi. Rutarindwa aliposhindwa, wasimulizi husema, aliitia nyumba moto, akafa humo pamoja na mkewe na watoto wake. Musinga, aliyekuwa bado kijana mdogo, akawa mwami.

Je, walioshinda walipata amani? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwezi wa tatu 1897 alifika Kapiteni Ramsay, Mjerumani. Wakubwa wa Musinga, kwa hofu, walimwonyesha mtu mwingine kana kwamba ndiye mwami. Wakapokea bendera na barua ya ulinzi, kwa kuwa waliwaogopa ndugu zao kuliko wageni. Mwaka wa 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga, wakamweka mwanawe Rudahigwa. Musinga alihamishwa Kamembe pamoja na mama yake Kanjogera, kisha akapelekwa Moba, huku Kongo, akafa mwaka wa 1944.

Tuangalie vizuri. Rwabugiri hakukosa kutaja mrithi. Kosa lake lilikuwa kumkabidhi mrithi huyo kwa mtu ambaye angepata faida mtoto akianguka. Kwetu hakuna ngoma ya ufalme, lakini kuna mashamba, ng'ombe na yatima. Mzee anayetaka kugawa mali yake asiseme tu, "Hii ni ya fulani." Ajiulize pia: "Siku nitakapolala kaburini, nani atamshika fulani mkono?"